Fremu Isiyo na Kioo

6 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Naanza na marahaba, ingawa shikamoo yenyewe bado haijanifikia. Ukiisoma barua hii simama kidogo, itamke, tuwe sawa.

Huku sote wazima. Mama Mkubwa wako ana goti lake lile, ambalo sasa analitaja kama mtu mwingine ndani ya nyumba: "Goti limekataa kwenda sokoni." Mke wangu anakusalimu na anauliza kama huko kuna baridi. Nimemwambia sijui, maana kwenye simu huwa unasema "salama, Mjomba," kisha mtandao unakatika wenyewe. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haikatiki.

Mimi nipo palepale, kinyozi yuleyule, kiti kilekile. Nywele za wateja zinaota kila wiki na zangu zinaaga kila wiki. Kichwa hiki kilikuwa msitu, kikawa kichaka, kikawa nyasi. Sasa tumefika kwenye jiwe.

Haya, neno lenyewe. Huyo dada yangu, Mama Mkubwa wako anayekaa nyumbani kwenu, amenisimamia kuhusu kile kiwanja cha mama yako nyuma ya nyumba. Anasema miaka mitatu tangu mazishi inatosha. Palipokuwa bustani sasa ni kichaka, jirani analalamika, na juzi ameonekana nyoka. Nilimkumbusha kwamba siku ile ulipoondoka ulisema kisiguswe kitu. Akanijibu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Nikasema nyumba ni ya mtoto wa marehemu, kiwanja ni chake. Akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo. Aje aseme mwenyewe. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza hajatia mguu hapa, naita watu wa mapanga wafyeke chote, nipande mboga."

Unamjua. Mimi ni mdogo wake; hata nikifika miaka themanini ataniambia nifunge kifungo cha shati. Nimetumwa kukuandikia, nimeandika. Mimi mwenyewe sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Kinyozi


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimesimama, nimeitamka, na mwenzangu wa ofisini ameniuliza naongea na nani.

Mpe Mama Mkubwa pole, yeye na goti. Mwambie Mkaza-mjomba kuna baridi, na blanketi ninalo. Chumba changu ni kidogo ila kina dirisha zuri linalotazama machimbo. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Zamani walikuwa wakichimba mawe hapa, wakaacha, na sisi tunatazama nini kinarudi chenyewe. Kwenye upande walioacha karibuni kuna jiwe tupu, lenye madoa ya kijani kama kutu. Panapofuata kuna nyasi. Ukisogea kwenye upande wa zamani, kuna vichaka hadi begani. Ni kama kutembea ndani ya miaka. Kichwa chako kinaenda njia hiyohiyo, Mjomba, ila kwa kurudi nyuma.

Tafadhali msikate. Sisemi kwa ukaidi. Kiwanja kisichoguswa, ambacho tunajua kiliachwa lini, ni adimu, na ningependa kukilinganisha na hapa. Nisaidie kwa jambo moja: tafuta kitu chenye pembe nne, kama fremu, kilaze chini sehemu kadhaa, uhesabu aina za mimea zilizo ndani yake. Si wingi wa majani, aina. Usiyoyajua nitumie jani moja kwenye bahasha. Majani hayapiti kwenye simu.

Kuhusu kuja, tutaona kazi itakavyokuwa.

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu mtaalamu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu yule karani ananidai kunyolewa kwa upendeleo, nami simpendelei mtu.

Fremu nimepata. Unakumbuka kioo kikubwa cha saluni, kile ulichokuwa ukikitolea ulimi ukiwa mdogo? Kilipasuka mwaka jana. Mwalimu mstaafu aliegemea kutazama kisogo chake, ambacho hakina kitu, na kioo kikaanguka naye. Fremu ya mbao ilibaki nzima. Nimeibeba begani hadi kwenu, watu wa mtaani wakidhani nahama.

Sasa fikiria: mtu wa umri wangu, na tumbo langu, amelala kifudifudi kichakani anatazama kioo kisicho na kioo. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Fundi! Umeangusha nini?"

"Nahesabu majani."

Akaitazama fremu, akanitazama mimi. Halafu akasema taratibu, "Na shemeji anajua?"

Nimeilaza sehemu tano. Majina ya kitaalamu sina, kwa hiyo nimewapa ya saluni. Yuko Kipilipili, amejikunja hadi ardhini. Yuko Denge, kipara chini na kishungi juu. Yuko Bwana Harusi, mrefu, majani mapana yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Yuko Ndevu za Mwalimu, ambaye ni mweupe na hana mpango. Yuko mmoja anayeng'ang'ania suruali, huyo nimemwita Karani wa Posta. Jumla nimepata aina kumi na tisa! Mama yako kwenye bustani yake hakuwahi kuwa nazo nyingi hivyo, na alikuwa akinunua mbegu. Vipepeo wamejaa, na ndege wadogo wanagombana humo tangu alfajiri kama wapangaji.

Maua yake ya rangi ya chungwa, yale yenye harufu inayobaki mkononi, yapo machache bado, pembeni mwa njia. Moja liko chini ya dirisha lake.

Majani haya hapa kwenye bahasha. Dada aliniona nikiyapanga katikati ya gazeti akauliza kama nimekuwa mganga. Nikamwambia mpwa wangu anataka kujua kila kinachoota. Akasema, "Anauliza kila jani. Mlango hajauuliza."

Nimekuandikia kama alivyosema. Mimi simo.

Mjomba


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa tumbo.

Nimecheka hadi nikaogopa kuulizwa tena naongea na nani. Majani yamefika salama, Karani wa Posta ameng'ang'ania bahasha. Kazi umeifanya vizuri kuliko baadhi ya wanaolipwa kuifanya. Isipokuwa, Mjomba, samahani: Kipilipili, Denge na yule uliyemwita Bwana Harusi si watatu. Ni mmoja. Ni mti uleule. Ukiwa mchanga majani yake yamejikunja, ukifika magotini yanajikusanya juu, ukikua yanapanuka na kung'aa. Umemhesabu mara tatu, kama mteja aliyeingia na ndevu akatoka bila.

Kwa hiyo ni kumi na saba. Na bado ni nyingi, na ndivyo inavyotarajiwa. Mahali palipoachwa huanza na aina chache, zile zenye haraka, zinazopenda jua na hazichagui udongo. Hizo zinatengeneza kivuli kidogo, zinaangusha majani, udongo unalainika, na wengine wanapata pa kuingilia. Katikati ya safari ndipo wanapokuwa wengi zaidi. Ni kama saluni yako Jumamosi mchana: wa asubuhi hawajatoka na wa jioni wameshaingia, wote wanaongea kwa pamoja.

Si kila mahali huwa hivyo, na wenzangu hubishana sana juu yake. Ila kiwanja chetu kipo Jumamosi mchana. Usiguse kitu, tafadhali.

Nafurahi kusikia ua la dirishani bado lipo.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini baridi imepungua. Huku ni kiangazi na vumbi. Goti linaendelea, limeanza kutabiri hali ya hewa. Mwalimu mstaafu bado anakuja kunyolewa kila mwezi. Nazungusha mkasi hewani, analipa, tunaheshimiana. Nimenunua mashine mpya ya kunyolea inayolia kama nyuki, na mtoto wa kwanza kuisikia alikimbia na kitambaa changu shingoni hadi kwao. Mke wangu anasema niache kula chumvi. Nimeacha, mbele yake.

Kiwanja kipo. Hakijaguswa.

Wasalaam,
Mjomba


18 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, mbele na nyuma. Hesabu iko wapi?

Mpwa wako


9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Umenikamata.

Niliilaza fremu mwezi wa saba, sehemu zilezile tano, nikapata tisa. Nikasema nimekosea, nikavaa miwani ya mke wangu, nikarudia. Tisa. Ndevu za Mwalimu hayupo. Karani wa Posta hayupo, na sikudhani nitamkumbuka. Vipepeo wamehamia kwa jirani. Yule Bwana Harusi wako na ndugu zake wamefika kwenye paa, wameshikana mikono juu, na chini yao ni giza na majani makavu. Ua la chini ya dirisha limekauka. Ya njiani pia.

Sikukuandikia kwa sababu niliona ni mimi. Ulisema kisiguswe, nami nilikuwa nalala humo kila mara na tumbo hili. Nikafikiri nimewaponda. Dunia nzima mtu mmoja alinipa kitu nimtunzie, nami nimekilalia.

Jambo jingine. Jumapili iliyopita Dada aliniletea chai huko nyuma. Hujui maana yake, kwa hiyo nakwambia: tangu mazishi alikuwa hajavuka mlango wa nyuma. Alisimama kizingitini, kikombe mkononi, akatazama ndani ya kivuli. Nilingoja aseme kuhusu nyoka. Akasema, "Bustani ya mdogo wangu ilikuwa na kelele. Hii imenyamaza." Akarudi ndani na chai yangu.

Mawingu yameanza kujikusanya jioni. Watu wa mapanga ameshaongea nao.

Niliandika mwanzoni kwamba mimi mwenyewe sina la kuongeza. Ninalo. Nakuomba uje. Hajanituma mtu.

Mjomba


14 Oktoba

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimeandika barua hii mara nyingi, na zote zilikuwa za kitaalamu.

Kwanza, si wewe. Hata ungekuwa tembo. Kiangazi kina sehemu yake, lakini kubwa ni kivuli. Wale wa mwanzo wanaishi kwa jua. Miti ikifunga juu wanaondoka. Sisi tuna methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mimea mara nyingi mgeni akija, mwenyeji anafunga mizigo. Baadaye wangekuja wengine wanaopenda kivuli, polepole, ila wanahitaji msitu wa karibu wa kuwaletea mbegu, na kwenye mtaa wetu hakuna. Kwa hiyo kikiachwa kitabaki kimya hivyo kwa muda mrefu. Kimya si kifo. Ila Mama Mkubwa amesema kweli, hakifanani na Mama.

Haya yote niliyajua, Mjomba. Ndiyo kazi yangu. Niliyajua siku niliyosema kisiguswe.

Nilifika kaburi likiwa limeshafunikwa, unakumbuka. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, na ndoo yake ya kumwagilia ilikuwa katikati ya njia, kama mtu aliyeingia ndani mara moja kuzima jiko. Nikaona kisipoguswa kitu, basi ametoka tu kidogo. Halafu nikaenda mbali nisione kinavyobadilika, na nikakupa wewe kazi ya kukitazama. Nisamehe. Hayo ya kulinganisha na machimbo ni kweli pia, lakini yalikuja baadaye.

Kwenye msitu mti mkubwa ukianguka, panaachwa tundu la mwanga, na wale wa kwanza wanarudi hapo. Mbegu zao zilikuwa chini muda wote, zinangoja jua. Si zote zinadumu, siwezi kukuahidi.

Mwambie Mama Mkubwa asifyeke chote na asichimbe. Akubali mti mmoja tu. Kateni yule wa dirishani, Bwana Harusi, uliyemhesabu mara tatu. Mengine yaacheni. Tuwe na kimya upande mmoja na kelele upande mwingine.

Mpwa wako


19 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Moja ni ya leo, mbili za akiba.

Barua yako ilifika mvua ya kwanza ikiwa imenyesha na watu wa mapanga wako barazani wanakunywa maji. Nilimsomea Dada palepale, mbele yao. Nilipofika kwenye ndoo nikawa narudia mstari uleule. Akaninyang'anya karatasi akamalizia mwenyewe. Kisha akawaambia wale vijana, "Mmoja tu. Atakayegusa wa pili nitamkata yeye."

Mti ulianguka vizuri, haukugusa paa, ila uliniangukia mimi kwa matawi ya mwisho kwa sababu nilisimama pale nilipoambiwa nisisimame. Nina alama puani. Wateja wanadhani mke wangu amechoka.

Mwanga ulivyoingia! Sebule ya mama yako ina ukuta wa njano, nilikuwa nimesahau. Kwa majuma mawili hakikutoka kitu, na nikaanza kutunga barua ya kukufariji. Halafu vikaja vichipukizi, vingi, vimebanana kama nywele baada ya siku tatu. Karani wa Posta alirudi wa kwanza, bila haya. Ndevu za Mwalimu naye yumo. Fremu moja tu, pale penye mwanga, kumi na mbili. Ndani ya kivuli wamebaki tisa walewale, wametulia, na safari hii hawakunihuzunisha.

Na chini ya dirisha kikatoka kimoja chenye majani yaliyochanikachanika. Nilikisugua kwa vidole, nikanusa, nikakaa chini kwenye tope na suruali ya kazi.

Leo asubuhi kimefungua ua. Rangi ya chungwa.

Nilitaka kulichuma nikutumie. Dada alinipiga mkono. Huyu aliyetaka kupanda mboga sasa amehamishia kiti chake kwenye mlango wa nyuma na anafukuza kuku wa jirani kwa fimbo ya goti. "Liache hapo," akasema. "Harufu haipiti kwenye bahasha. Akitaka kulinusa, njia anaijua."

Ndoo ipo. Niliiingiza ndani mwaka uleule, isipate kutu. Sikukwambia kwa sababu ulisema kisiguswe kitu.

Mjomba


8 Januari

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeomba likizo, wamenipa. Nakuja mwishoni mwa mwezi.

Naogopa kidogo. Sijui kama mtanijua. Nywele zile ndefu nilizikata zote, navaa miwani, nimekonda, na nimeanza kutembea nimeinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza sarafu, kwa ajili ya kazi hii. Mama Mkubwa ataniuliza nimemweka wapi mpwa wako.

Mwambie asilichume lile ua.

Mpwa wako


21 Januari

Mwanangu,

Marahaba.

Hili la kutokujulikana liache. Anayekuandikia ni mtu aliyeutazama mti mmoja akaona watu watatu, na akafundishwa kwa barua kwamba ni yuleyule, amekua tu. Somo hilo nimelishika. Ukija umejikunja, ukija na kishungi, ukija kipara kama mimi, nitahesabu mmoja.

Nywele umekata wapi, lakini? Una mjomba kinyozi, ukaenda kumpa kichwa mtu baki. Hilo tutaliongea.

Mlango wa nyuma ulikuwa umevimba kwa mvua. Fundi seremala ameupiga randa, sasa unafunguka kwa kidole. Dada amelifunga lile ua kwa kijiti lisilale. Yamekuwa manne. Anasema ni matatu, kwa sababu la nne bado halijafunguka na yeye hahesabu ahadi.

Fremu nimeitoa kichakani. Najua utaihitaji, tutakutafutia nyingine. Hii nimeiosha, nimeitia kioo kipya, na nimeitundika sebuleni kwa mama yako, kwenye ule ukuta wa njano unaopata jua sasa. Nimeweka msumari kwa urefu wako. Sina hakika nao, ni karibu miaka minne, nimepima kwa macho tu.

Ukifika utasimama mbele yake, na kama si penyewe, tutausogeza.

Mjomba wako,
Kinyozi